Kanda za Bafuni

Mama yangu aliimba bluzi na roki mpaka sauti ikakwaruza, mashabiki wakambatiza Msasa. Mimi alinibatiza yeye: Kikojozi. Mpaka leo, nina mvi, ananiita hivyo mbele za watu, na watu wanacheka.

Sasa wanamtolea albamu ya nyimbo za zamani alizorekodi peke yake, ambazo hazijawahi kutoka. Alizirekodi nyumbani, bafuni, kwa ajili ya mwangwi: gitaa mapajani, kinasa sauti juu ya sinki, mlango umefungwa kwa komeo. Choo chetu kilikuwa humo humo. Mtoto mimi nikibanwa nagonga, nagonga weee, mpaka najilowesha pale koridoni. Akitoka, fimbo. Siku zote alidai hakunisikia, alikuwa na hedifoni masikioni. Nikamwamini. Mtu asimwamini mama yake, amwamini nani?

Juzi nikampeleka studio. Fundi mitambo akaweka kanda. Gitaa, sauti ya Msasa, na chini yake: ko, ko, ko.

"Hiyo kelele naiondoa," fundi akasema.

"Thubutu!" mama akamkaripia. "Hiyo ndiyo dramu yangu."

Katikati ya wimbo mkono wa mtoto ukachoka. Kimya. Gitaa nalo likasimama. Halafu nikamsikia mama kwenye kanda, anajisemea kwa raha zake: "Ngoja. Ataanza tena tu, kabanwa huyo." Ko, ko. Wimbo ukaendelea.

Fundi akainamia vitufe vyake. Mimi nikamgeukia mama.

"Kumbe ulikuwa unanisikia."

"Kwani mimi kiziwi?" Akacheka. "Ulikuwa na mapigo mazuri, Kikojozi. Ningekufungulia ningeimbia nini?"

"Na kunichapa je?"

"Si ulichafua sakafu!"

Fundi, masikini, akajaribu kuokoa jahazi. "Basi tumwandike na yeye kwenye jalada."

"Albamu ya mtu mmoja hiyo. Una macho?"

Kanda ya mwisho ilikuwa imeoza nusu. Mama akasema wimbo ataumalizia hapo hapo. Akaomba gitaa, akajikongoja hadi choo cha studio, akajifungia kwa komeo. "Kikojozi!" akaita kutoka ndani. "Kaa mlangoni. Ukisikia napunguza, gonga."

Nilitaka kumwacha mle mle, arudi kwa miguu na mkongojo wake. Ufunguo wa gari ulikuwa tayari mkononi. Fundi akasogeza kipaza sauti karibu na mlango, hataki hata kunitazama.

Gitaa likaanza. Likafika mahali, likapunguza mwendo, likawa linazungukia noti moja tu. Ananisubiri. Maisha yangu yote mama hajawahi kunisubiri kwa jambo lingine lolote.

Nikatia ufunguo mfukoni, nikagonga.