Fahali wa Ebla na Tarehe ya Kisu

Mwaka wa themanini na sita, Ebla aliporudi kutoka Nairobi na kusema daktari ataanza na dawa, kisu kije baadaye, kaka yake Abdisalan aliacha chai ikapoa. Na huyo ni mtu aliyewahi kumaliza birika zima huku nyumba ya jirani ikiungua.

"Abaayo, dada yangu, wamekudanganya. Kitu kibaya hukatwa kwanza. Dawa ni ya kidonda!"

"Uvimbe umeshika ngozi ya titi," Ebla akajibu. "Akikata sasa hataumaliza. Dawa iupunguze, ndipo akate."

"Na ukikataa kupungua?"

"Basi utakuja wewe na panga lako."

Alitundikiwa dripu nne, moja kila wiki tatu. Alitapika hadi, kwa hesabu ya watu wa mtaa wao wa Chechelesi, mto ukajaa bila mvua. Nywele zikamtoka, na nyusi zikazifuata. Mumewe Robow, mwenye lori, alimpeleka na kumrudisha kwa maneno machache. Lakini uvimbe ulishika adabu. Ulikuwa kama yai, ukawa kama ndimu, na wiki moja kabla ya upasuaji Ebla alipapasa kuanzia kwapani hadi kifuani asiupate.

"Siendi," akamwambia Robow. "Nimepona. Wakate nini sasa?"

"Tarehe ni Jumanne," Robow akasema, akaenda kukagua magurudumu.

Jumatatu alfajiri Ebla alikwenda karantini, nje ya mji, kuchukua fahali wake kumi na wawili akawauze Oldonyiro. Ng'ombe waliotoka upande wa Biliqo walizuiwa hapo hadi damu yao ipimwe mara mbili. Hao walikuwa wamenona hata nzi wakiteleza mgongoni. Molu, daktari wa ng'ombe, hakufungua lango.

"Bado kipimo cha pili, Mama Ebla."

"Wewe Molu, macho umeyaacha nyumbani? Hawa ni wagonjwa?"

"Walikuja wakikohoa?"

"Wawili. Wameacha zamani."

"Kikohozi kinaacha, homa ya mapafu inabaki. Inajificha ndani, kipande kidogo tu, kama kimefungwa kwenye kifuko. Siku kifuko kikipasuka, Oldonyiro nzima haibaki na ndama."

Ebla akajipapasa kwapani. "Na ng'ombe mwenyewe hajui?"

"Atajuaje? Anakula, analala, anapanda majike."

"Mshenzi," Ebla akasema, na Molu hakujua aliyetukanwa ni yeye au ng'ombe.

Alirudi nyumbani kwa haraka, akamkuta Robow akifunga turubai. Akapanda mbele, akafunga mlango.

"Unakwenda wapi?" Robow akauliza.

"Leo si Jumatatu? Washa gari."

Jumanne akakatwa. Baada ya siku kumi daktari alimwambia kwamba ndani ya nyama waliyoikata walikuta chembe tatu za uvimbe, bado hai. Ebla akataka kuziona. Akaambiwa zinaonekana kwa hadubini peke yake.

"Basi ileteni," akasema.

Na amini usiamini, wakaileta hadi kitandani.