Madoa Ndani ya Sufuria

Mwaka ule Malkia wa Waingereza alipovishwa taji, jioni ya Jumamosi moja, Selina mke wa Laurenti alikuwa jikoni kwake Mandewa akiviringisha nyama ndani ya chapati za mahindi. Upishi huo alifundishwa na mama mmoja wa misheni, Mmarekani aliyekulia karibu na mpaka wa Meksiko, nao uliitwa enchilada. Mandewa nzima ilikuwa imeshaambiwa jina hilo, wengine mara mbili.

Unga ulikandwa kwa maji ya moto, ukasukumwa mwembamba, ukachomwa kwenye kikaango kikavu. Nyama ya ng'ombe ilichemshwa mpaka ikachambuka nyuzi nyuzi. Pilipili kavu zilitwangwa na vitunguu na nyanya, zikawa rojo jekundu lililompigisha chafya Johari, jirani wa ukuta kwa ukuta, naye akaona hiyo ni kualikwa. Alikuja na kigoda chake mwenyewe. Mtu wa watu hasubiri kuitwa, na habari ya nyumba ile ilikuwa tamu kuliko rojo.

Habari yenyewe ni hii. Rahabu, dada mkubwa wa Laurenti, alipofiwa na mumewe alimkabidhi mdogo wake ng'ombe wake wa pekee, Madoa, akae kwenye zizi la Laurenti kule Sepuka. Mila haina utata: ng'ombe ni wa mwenyewe, maziwa ni ya mtunzaji, na ng'ombe akifa, mtunzaji anampelekea mwenyewe ngozi aione. Mwaka huo bintiye Rahabu alifariki akamwachia kichanga. Rahabu akaja kumdai Madoa wake, mtoto apate maziwa. Laurenti, ambaye alikuwa karani na alijua kusema mambo kwa utaratibu, alimweleza kwamba serikali ilipopunguza mifugo ilimpeleka Madoa mnadani. Ngozi je? Ngozi ilikwenda na ng'ombe. Kwa kawaida huenda pamoja.

Rahabu hakuridhika. Ndipo Laurenti akaandaa chakula cha familia, maana mila ina kifungu kingine kizuri: ukila nyama kwa mtu mnayegombana naye, ugomvi umekwisha. Na kwa kuwa ng'ombe aliyekwenda mnadani hafai kuonekana akitafuna majani Sepuka, na kwa kuwa nyama bomani ilikuwa ghali, mambo mawili yakamalizwa kwa kisu kimoja. Laurenti alikuwa msomi. Alijua shahidi aliyeliwa haitwi barazani.

Selina alizipanga enchilada kwenye sufuria kubwa, zikabanana kama ndugu kwenye mkeka wa msiba. Akamwaga rojo, akatandaza juu mtindi uliochujwa kwa kitambaa kwa sababu jibini ya misheni haikupatikana, akafunika, akapalia makaa chini na juu ya mfuniko.

Rahabu alifika na mjukuu mgongoni. Laurenti alimwamkia shikamoo kwa heshima zote, akamkaribisha karibu na moto. Baba yao mdogo, mzee Mathayo, alikuwa ameshakaa akinusa.

Rahabu alipoketi tu, sufuria ikalia. Ulikuwa mlio wa ng'ombe aliyechelewa kukamuliwa, mrefu, wenye kukatika kidogo mwishoni.

"Huyo ni Madoa," Rahabu alisema.

Selina alisema labda makaa ya juu yamezidi, akapunguza mawili. Sufuria ikalia tena. Mzee Mathayo alikiri kwamba huyo ni Madoa kweli. Ule mkato wa mwishoni alikuwa nao tangu ndama. Johari alisogeza kigoda.

Madoa alikuwa na tabia moja inayojulikana ukoo mzima. Hakuteremsha maziwa mpaka Rahabu amwimbie, na huko Sepuka Laurenti alikuwa amekamua hewa tangu alipokabidhiwa. Rahabu alianza kuimba polepole, jinsi alivyokuwa akiimba zamani. Selina alipofunua mfuniko, enchilada zilikuwa zimeiva vizuri kandokando, na maziwa mabichi yenye povu yalikuwa yamepanda mpaka ukingoni.

"Yanamwagikia makaa," alisema Johari, akaenda kutafuta kibuyu.

Mzee Mathayo aliombwa aamue. Alisema ng'ombe ameshuhudia na hakuna wa kumbishia. Madoa hakwenda mnadani, Laurenti amesema uongo, na hilo ni baya sana. Akasema pia chakula kinapoa. Wakala. Laurenti alikula nne, akamsogezea dada yake sahani.

"Kula, dada, tuyamalize."

"Mimi simli ng'ombe ninayemkamua," Rahabu alisema. "Nipeni sufuria yangu niende. Mtoto ana njaa."

Hapo Laurenti alifuta midomo, akamuuliza mzee maswali machache ya mila. Je, ng'ombe ni wa Rahabu? Ni wake, hata akiwa sufuria. Je, amefika Mandewa akiwa chini ya mtunzaji? Chini ya mtunzaji, ndiyo. Na maziwa? Mzee Mathayo alikijaza kikombe chake kwanza, kisha akasema maziwa ni ya mtunzaji. Mila hakuitunga yeye.

"Na kumrudisha?" Rahabu aliuliza.

"Ukiwa na zizi, dada," alisema Laurenti. "Sufuria kama hii haifai kulala kibandani kwako."

Kwa hiyo Madoa yuko kwa Laurenti, naye hajawahi kukataa kwamba ni wa dada yake. Huwasimulia hivyo hata wageni. Kila jioni Rahabu huja na mtoto mgongoni kuimba, kwa sababu asipoimba Selina hupata sufuria kavu, na akiimba huenda ikatokea siku mila ikakumbuka kifungu cha upande wake. Chai ya nyumba ile imekuwa nzito, na Johari hakosi. Mtoto anakunywa uji wa ulezi.

Rahabu akiondoka, sufuria humlilia mpaka apite kona. Selina huweka jiwe juu ya mfuniko.