Pale Taib Aliposita

Nimekuwa karani miaka mingi, na sijapata kuandika kumbukumbu za kikao zilizonivuruga kichwa kama zile za kesi ya Taib. Mpaka leo ukiniuliza nani alimshtaki nani, itabidi nikae kitako nihesabu kwa vidole.

Ilikuwa mwaka 1948. Chuo chetu kilikuwa kipya, kwenye nyumba ya kukodi huko Kuze, Mombasa, orofa mbili na ngazi moja mbovu, na kilifundisha vijana waliomaliza skuli wapate kuwa walimu na makarani. Hakikudumu, kwa hiyo usikitafute. Mkuu wa chuo alikuwa Mwingereza mmoja mrefu, mtu wa haki sana, na hiyo haki yake ndiyo iliyotuchosha. Kiswahili chake alikisoma kitabuni huko Nairobi, basi wakisema watu wa Mombasa alikuwa akiambulia nusu. Nusu ya pili kazi yangu. Ukalimani haukuwamo katika barua yangu ya kuajiriwa, lakini nani aliniuliza?

Alhamisi moja asubuhi Maalim Zein, mwalimu wetu wa historia, aliingia afisini kwangu bila kusalimu. Tangu nimjue hakupata kufanya hivyo. Akanitupia karatasi mbili mezani. Moja ilikuwa ya majibu ya mtihani, aliyoiandika kwa mkono wake mwenyewe ili aitumie kusahihishia, na kila mtu alijua kwamba karatasi hizo huzifungia ndani ya mtoto wa meza na ufunguo hutembea nao. Ya pili ilikuwa ya mwanafunzi wake, Taib. Nikasoma hii, nikasoma ile. Swali lilihusu mkataba wa mwaka 1895, uliowapa Waingereza kuutawala mwambao wa Sultani. Majibu yalikuwa sawasawa, neno kwa neno, hata pale Maalim alipojirudia.

"Ameiba," akasema. "Taib wangu mimi. Ameiba."

Taib alikuwa mwanafunzi wake wa kwanza darasani, mtoto wa pekee wa Bi Mwanakuu wa Kibokoni, mjane aliyemsomesha kwa kushona kofia. Na kanuni za chuo nilizipiga taipu mimi mwenyewe: anayeiba mtihani hufukuzwa, na jina lake hupelekwa katika kila afisi ya mji. Kijana huyo akifukuzwa asingepata kazi hata ya kuandika hesabu ya magunia kwenye maghala ya Shimanzi.

Kamati ya nidhamu ilikaa Jumatatu. Wajumbe walikuwa watatu: Mkuu, Bwana Hakimuddin, mwenye duka la vyuma, aliyewakilisha wafadhili, na mwakilishi wa walimu, ambaye kwa bahati mbaya alikuwa Maalim Zein huyo huyo. Yaani Maalim alikuwa mshtaki, shahidi na hakimu. Nilimwambia Mkuu kwamba hilo halikai sawa. Akasema kanuni haikukataza. Nilikasirika, kwani kanuni ingekuwa imekataza kama wangenisikiliza siku ya kuiandika.

Taib akaingia, akambusu Maalim mkono, akasimama.

"Wewe ilifungua meza ya Maalim?" Mkuu akamuuliza.

Taib alimtazama Maalim, kisha akainamisha kichwa. "Maalim ndiye ajuaye."

Mkuu akanigeukia. Nikamfasiria.

"Anakubali?"

"Sijui, bwana."

"Basi anakataa."

"Hilo nalo sijui."

"Lakini wewe ni mtu wa Mombasa!"

"Ndiyo maana sijui, bwana," nikamjibu, na nilimaanisha. Mtoto aliyelelewa hawezi kumwambia mwalimu wake mbele za watu kwamba amekosea. Mwenye hatia angejibu vile, na asiye na hatia angejibu vile vile. Aliulizwa mara nne, akajibu hivyo mara nne. Kikao kikaahirishwa hadi Jumatano.

Jumanne alasiri Bi Mwanakuu akavaa buibui lake, akachukua kikapu cha halwa, akaenda kwa Maalim Zein kumwombea mwanawe radhi. Hilo halikunishangaza hata kidogo. Mwalimu akimkasirikia mwanao unakwenda, humwulizi sababu, maana kuuliza sababu ni kama kusema hasira yake unaipima kwanza. Maalim akaipokea halwa, akatoa radhi, wakanywa kahawa, na kwake yeye mambo yakawa yamekwisha.

Kwa hiyo Jumatano, kabla Mkuu hajafungua faili, Maalim akasema, "Kesi haiko tena. Mamake alikuya yana na halwa, nami nimempa radhi kijana."

Nikafasiri. Mkuu akaweka kalamu chini.

"Amemsamehe kwa kuiba?"

"Sikusema ameiba," akasema Maalim.

"Alhamisi ulisema ameiba!"

"Alhamisi nilikuwa na hasira."

"Sasa amemsamehe nini?"

"Kunikasirisha."

"Kwa kufanya nini?"

Maalim alinitazama mimi, kana kwamba kosa ni la tafsiri yangu. Nami nilikuwa natoka jasho. Yule anauliza kwa Kiingereza cha mahakamani, huyu anajibu kwa adabu za barazani, na mimi niko katikati nimeshika kalamu, sina la kuandika ambalo halitamfanya mmoja wao mwongo.

Ndipo Bwana Hakimuddin akakohoa. Alikuwa mtu mpole, lakini alikuwa amekaa dukani miaka arobaini. "Samahani, Maalim. Mimi ni mfanyabiashara. Mzazi wa mshtakiwa ameleta kitu nyumbani kwa hakimu, na siku ya pili hakimu anasema hakuna kesi. Wewe ungeiitaje halwa hiyo?"

Maalim akasimama. Sijapata kumwona mtu akikosa rangi vile. "Rushwa? Mimi, Hakimuddin? Bi Mwanakuu?"

"Nauliza tu."

Taib, aliyekuwa amesimama karibu na mlango, aliposikia mamake anatajwa pamoja na neno rushwa, akapiga hatua mbele. "Mamangu hakuhonga mtu," akasema. "Na mimi sikuiba karatasi. Yale ni maneno ya somo. Maalim aliyasema darasani, nami nikayahifadhi."

Ilikuwa mara ya kwanza kujitetea. Nilifurahi hata nikaudondosha wino.

Mkuu naye alifurahi, kwa kuwa sasa kulikuwa na kitu cha kupima. Akaichukua karatasi ya Maalim, akamwambia Taib ajibu swali lile bila kusoma. Taib akafunga macho, akaanza. Alisoma vile tulivyosomeshwa Kurani sote madrasani tulipokuwa wadogo, bila kuyumba, huku mwili ukienda mbele na nyuma. Nilimfuata kwa kidole kwenye karatasi. Hakuacha neno.

"Hiyo si hoja," akasema Bwana Hakimuddin. "Mwenye kuihifadhi karatasi ya wizi naye angesema hivyo hivyo."

"Kweli," akasema Mkuu. Alifikiri kidogo, akageuka. "Lakini karatasi iko na mwisho. Somo haikwisha pale. Kama uliisikia darasani, wewe endelea. Toka hapa karatasi inakoma, endelea."

Hata mimi nilikubali kwamba hiyo ilikuwa akili. Nikamtazama Taib nikitegemea aendelee kama maji.

"Kisha Maalim akamwambia mwenzangu mmoja, Mung'aro, funga dirisha, karatasi zinaruka," akasema Taib. "Kisha akasema..."

Akasita.

"Akasema nini?"

Macho yake yalikuwa wazi sasa, yanamtazama Maalim. Midomo ilikuwa imeshalianza neno, kisha ikafunga. "Nimesahau hapo," akasema.

Sikuelewa. Huyu kijana alikumbuka mpaka dirisha! Nilimkasirikia, wallahi, nilitaka kumtikisa mabega. Mkuu akamwambia ajaribu tena. Akajaribu, akafika dirishani, akasita. Mara ya tatu hakujaribu kabisa.

"Dirisha mtu yeyote anaweza kulitunga," akasema Bwana Hakimuddin kwa sauti ya huzuni.

Mkuu akaitazama karatasi ya Taib, akaigeuza, akairudisha mezani. Sikumchukia wakati ule, maana niliona hakupenda. Kisha akaniambia kwa Kiingereza niandike kwamba mwanafunzi ameshindwa kuthibitisha maneno yake, kamati imemwona na hatia, na anafukuzwa kuanzia leo. Nikachovya kalamu. Taib alikuwa anatazama sakafu, na machozi yanamtoka bila sauti.

"Ngoja, karani," akasema Maalim Zein.

Nilipomtazama nilijua kwamba amekumbuka kitu. Alikuwa amekaa, mikono juu ya magoti, kama mtu aliyeambiwa habari ya msiba na bado anatafuta ni nani aliyekufa. Mtu hajisikii anavyosema. Miaka kumi, tangu skuli alikotoka, anasomesha mkataba ule ule kwa maneno yale yale, na hakujua kwamba majibu yake ni somo lake. Dirisha ndilo lililomrudisha kwenye siku yenyewe.

"Kisha nikasema," akaanza, na akaendelea kutoka pale Taib aliposita, kwa sauti ile ile ya darasani. "Nikasema, wanangu, Mwingereza katika nti hii ya pwani ni mpangaji. Amekodi nyumba, na mwanzo alikaa kwa adabu. Sasa amekaa sana, hata anawauliza wana wa nyumba ndia ya kuingilia ukumbini. Basi someni, lakini mkae mkijua nyumba ni ya nani. Ndivyo nilivyosema. Kijana hakusahau."

Mwaka uliotangulia ulikuwa mwaka wa mgomo mkubwa wa bandarini, na watu walikuwa wamepelekwa bara kizuizini kwa maneno machache kuliko hayo. Sasa nikaelewa kwa nini Taib alinyamaza tangu Jumatatu. Angejitetea kwa somo lile, wangelitaka somo lote.

Mkuu akanigeukia. "Amesema nini?"

Namwomba Mungu anisamehe, au anilipe, sijui lipi. Nilisema kwa Kiingereza, "Anasema somo liliendelea kuhusu masharti ya mkataba, na kijana amesema kweli."

"Mbona fupi, karani?" akauliza Maalim. "Mfasirie kama nilivyosema."

"Maalim, nakuomba."

"Hakuna haja," akasema Mkuu. Alikuwa amekuwa mwekundu mpaka masikioni. "Mpangaji. Hiyo neno mimi najua."

Bwana Hakimuddin akatazama dari. Nyumba aliyopanga Mkuu kule Tudor ilikuwa yake Hakimuddin.

Haki ya mtu yule nakuambia ilituchosha. Aliniamuru nifute nilichoandika, niandike kwamba mwanafunzi Taib hana hatia yoyote na atarudi darasani siku ile ile. Nikaandika haraka, asije akabadili. Kisha akamwambia Maalim, taratibu, kwamba chuo kinaishi kwa idhini ya serikali. Kwamba yeye hatampelekea Bwana DC ripoti ya maneno yale, ikiwa barua ya Maalim ya kuacha kazi itakuwa mezani kwake kabla ya saa sita. Akauliza kama Maalim ana la kusema. Maalim akasema hana.

Wakatoka, Mkuu na Hakimuddin. Kumbukumbu zangu zilikuwa zimefunguliwa kwa mshtakiwa mmoja na zimefungwa kwa mwingine, na katikati kuna halwa. Nilizisoma tena na sikujielewa.

Nikateremka kumwambia Bi Mwanakuu, aliyekuwa amekaa chini ya ngazi tangu asubuhi.

"Mwanangu amepona?"

"Amepona, mama. Yeo yeo anarudi darasani."

Akamshukuru Mungu, akalia. "Na Maalim? Hana tena hasira?"

"Hana hasira," nikamwambia. Hilo lilikuwa kweli, na sikuwa na ushujaa wa kuongeza.

Nilipopanda tena, Taib alikuwa amepiga magoti mbele ya kiti cha Maalim. Maalim hakujua kuandika Kiingereza. Alisoma kwa masheikh, si kwa Wazungu, na barua ilitakiwa iwe ya Kiingereza. Hati ya Taib ilikuwa nzuri kuliko zote chuoni, Kiingereza chake safi.

"Shika kalamu, mwanangu," Maalim alikuwa anasema. "Mimi nitasema, wewe utaandika. Mimi Zein..."

Taib alikuwa ameishika kalamu. Mkono haukwenda.

"Andika. Saa sita yaja."

"Siandiki, Maalim."

Maalim alimwinamia kana kwamba hakusikia. "Wanikatalia mimi?"

"Nakukatalia," akasema Taib. Sauti ilikuwa ndogo. "Kila ulilosema nimelishika. Hili silishiki."

Nilidhani Maalim atakasirika. Alimwekea mkono kichwani, akauacha pale.

Barua niliiandika mimi. Niliharibu karatasi tatu kabla ya kupata moja iliyofaa kupelekwa.