Mkaguzi Aliyeegesha Lagani

Mngurumo ulitangulia. Ulitoka nyuma ya kona, kama lori linalopanda mlima kwa gia nzito, ilhali hapakuwa na lori wala mlima. Ekal aliujua. Novemba 2012 mngurumo huohuo ulitangulia maji yaliyobeba lori lake hapahapa, kwenye laga, mto mkavu unaokata barabara ya Lodwar kwenda Kakuma, likiwa limekwama mchangani na unga wa watu.

"Maji," alisema.

"Subiri nimalize, mzee." Aliyejibu ni Kamande, mkaguzi wa kampuni ya bima, aliyekuja kutoka Nairobi na shati la mikono mirefu na imani kubwa. Alisimama ukingoni akisoma barua iliyomnyima Ekal fidia: mtu makini angesikia maji akaliondoa gari, aliyeshindwa ni mzembe.

Gari lake mwenyewe lilikuwa chini, palepale mchangani, kwenye kivuli pekee kilichokuwepo. Walipofika, Ekal alimwonya. Kamande akatazama mbingu, haina hata wingu la kusingizia.

"Mvua iko wapi?"

"Iko Uganda, mkubwa. Maji ndiyo yanakuja huku."

Kamande alicheka. Makena, wakili wa Ekal pale Lodwar, mwanamke asiyebishana bila kalamu, alitoa yake. Aliandika daftarini: saa tano na robo, mkaguzi ameonywa, mkaguzi amecheka.

Sasa alitazama saa. "Bwana Kamande, huo mlio umeusikia?"

"Nausikia."

"Basi ondoa gari. Si wewe ni mtu makini?"

Kamande alikimbia. Ufunguo aliutafuta mfuko wa kulia, akaukuta wa kushoto. Gari likawaka, magurudumu yakajichimbia kaburi. Ndipo maji yakapinda kona, mazito, mekundu, yakisukuma visiki.

Ekal angeweza kukaa akatazama. Sababu alikuwa nayo, tena ya miezi mitano. Akatukana kwa Kiturkana, akashuka, akamkamata mkaguzi ukosi na kumburura hadi juu kama mbuzi anayekataa kuogeshwa. Gari likazunguka mara mbili, likaondoka bila kuaga.

Makena alifunga daftari. "Kutoka mlio hadi maji, dakika tatu. Gari lako lina bima ya nani?"

Kamande alitema mchanga. "Yetu."

"Pole sana. Barua watakayokuandikia nimeshaikariri."

"Wakili, si utanisimamia?"

"Nina mteja. Malizana naye kwanza."

Kamande alikuwa na kiatu kimoja. Alimgeukia Ekal, aliyekuwa akikamua shati lake bila haraka.

"Ndugu yangu, ripoti yako naiandika leo, kabla ya yangu. Nitasema ulipewa mlio tu, muda hukupewa. Nakuahidi, na wakili wako anasikia."