Bibi wa Jalada

Kila mwaka, mvua ya mawe ya Novemba ikianza kuyapiga mabati ya Johannesburg, Mfuko wa bima ya afya ya watumishi wa umma nao huanza kuwamiminia wastaafu wake maneno. Hauwaambii kwamba michango ya mwakani inapanda. Kupanda ni neno la watu wa sokoni. Mfuko huboresha, hurekebisha, huoanisha. Na mwaka mmoja uliwatangazia wanachama kwamba wote wako "safarini kuelekea uendelevu", safari ambayo nauli yake walilipa wazee peke yao.

Hyasinta aliyadharau maneno hayo kuliko mtu yeyote pale mtaani Bertrams, maana aliyeyatunga alikuwa mtoto wake wa kumzaa. Chris alikuwa afisa mawasiliano wa Mfuko. Alizaliwa Morogoro, enzi zile wapigania uhuru wa Afrika Kusini walipokuwa na shule na mashamba yao pale Mazimbu, na baba yake, Thabo, akiwa mmoja wao. Uhuru ulipokaribia, Thabo alirudi kwao na mke wa Kitanzania na mtoto anayesema Kiswahili kitupu. Baadaye serikali mpya ikampa kazi katika idara ya ujenzi, na kazi ikaja na bima. Alipofariki, mjane alirithi pensheni kiduchu, nyumba yenye ufa, na uanachama wa Mfuko. Mtoto naye alikwisha kukisahau Kiswahili, au alijifanya amekisahau. Mama akimsemesha, alijibu kwa Kiingereza cha ofisini, kilichonyooka kama suruali iliyotoka kwa dobi.

Krismasi ya mwaka 2016 Chris alimpiga mama yake picha kwa simu. Hyasinta alikuwa amekaa uani anacheka mpaka gego la mwisho linaonekana, kwa sababu rafiki yake Paulina alikuwa akimwigiza mchungaji mmoja anavyokohoa kabla ya kuomba sadaka. Haukupita muda, picha ile ikawa kwenye jalada la kijitabu cha Mfuko, imesambazwa nchi nzima, na chini yake pameandikwa: "Uzee wenye utulivu." Chris hakuomba ruhusa. Alileta nakala moja nyumbani, akaiweka mezani kama mwanamume aliyeleta nyama.

"Umependeza, Mama," alisema kwa Kiingereza chake.

"Nimependeza kwa nani? Hapa namcheka mchungaji. Ninyi mmeniweka nawacheka wanaolipa."

Chris alicheka kidogo, akabusu paji la uso wake, akaenda zake. Kuvikwa kilemba cha ukoka na mgeni ni jambo la kawaida. Kuvikwa na mtoto uliyemnyonyesha kunawasha zaidi.

Hyasinta alikuwa na presha ya macho. Daktari wake alipokea wanachama wa mpango wa juu tu, ulioitwa Tai. Chini yake kulikuwa na Korongo, na chini kabisa Chiriku, kwa ajili ya watu ambao Mfuko uliona wanafaa kudonoa makombo. Basi Novemba ya 2017 ujumbe ulipoingia kwenye simu, Hyasinta aliusoma, akaurudia, mpaka akaelewa kwamba Tai amepaa tena, na pensheni yake imebaki chini inamtazama. Mwishoni alikaribishwa kwenye mkutano wa wastaafu mtaani Braamfontein, "kusherehekea pamoja mabadiliko ya mwaka mpya".

Alimpigia Chris.

"Si lazima uje, Mama," Chris alisema haraka. "Nitakueleza nyumbani."

"Mwenye karamu akikwambia usije, ujue nyama imeoza. Nakuja."

Alikwenda na Paulina. Naye alikuwa mjane wa mpigania uhuru, mwanamke wa Iringa mwenye kisukari na ulimi usiokopesha. Alikuwa amejitoa kwenye Mfuko mwaka uliotangulia, michango ilipoanza kumlia chakula. Alipotaka kurudi, aliambiwa atalipa mwaka mzima kwanza ndipo kisukari chake kitambuliwe, kana kwamba kisukari ni mgeni anayengojea viza.

"Wewe si mwanachama tena. Unakwenda kufanya nini?" Hyasinta alimuuliza ndani ya basi.

"Kula sambusa zao. Nilizilipia miaka yote."

Ukumbi ulikuwa wa hoteli, una zulia linalomeza viatu na baridi ya kiyoyozi iliyowafanya wazee wajifunike mablanketi waliyokuja nayo mabegani. Mlangoni kila mstaafu alipewa kifaa cha plastiki cha kuhesabia hatua zake. Bibi mmoja aliyesukumwa kwa kiti cha magurudumu alipewa chake pia, na msichana wa Mfuko akamtakia matembezi mema.

Watu walianza kumtambua Hyasinta kabla hajakaa. Walinong'ona, wakamnyooshea vidole, wakalinganisha uso wake na jalada. Mzee mmoja mwenye mkongojo, na shingoni tai ya shule aliyowahi kufundisha, alimwinamia.

"Wewe ndiye bibi wa kijitabu," alimwambia kwa Kiingereza. "Wamekulipa nini ili utucheke?"

"Hawajanipa hata andazi."

"Basi unacheka bure. Hiyo ni mbaya zaidi."

Wazee wa karibu wakaguna. Hyasinta alihisi uso unamwaka. Alikuwa amekuja na dharau yake imekunjwa vizuri kwapani, tayari kuwatandikia wakubwa wa Mfuko, na sasa yeye ndiye aliyedharauliwa, tena na wenzake, tena kwa haki. Alitamani kumjibu yule mwalimu, lakini alimwona ana soksi zilizoshonwa visigino, akaenda kukaa.

Chris akapanda jukwaani. Suti ilimkaa. Nyuma yake kwenye skrini wakatokea Tai, Korongo na Chiriku, wote wanatabasamu, jambo ambalo ndege hawaliwezi. Alizungumza vizuri, hilo Hyasinta alimpa. Alisema gharama za hospitali duniani kote ni changamoto, kwamba Mfuko umewasikia wanachama, kwamba mwakani kutakuwa na "ulinganifu mpya wa michango". Alimwona mama yake alipofika kwenye neno "ulinganifu". Akaendelea.

Maswali yalipokaribishwa, Hyasinta aliomba kipaza sauti. Hakuuliza kwa Kiingereza.

"Chris, mwanangu. Kwa lugha niliyokufundishia kuomba maji: inapanda au haipandi?"

Chris akatabasamu tabasamu la jalada, akajibu kwa Kiingereza kwamba anamshukuru mwanachama kwa swali lake, na kwamba ulinganifu lazima utazamwe katika muktadha mpana.

"Sikuulizi muktadha. Inapanda?"

Safu ya tatu mwanamke mmoja akaangua kicheko. Jina lake Agnès, Mkongo wa Lubumbashi aliyeolewa na askari magereza mstaafu wa hapa. "Mama, inapanda," alisema. "Hata mie naona. Ye tu ndiye haoni."

"Sijamuuliza dada. Namuuliza huyu niliyempakata kutoka Morogoro."

Mkurugenzi wa Mfuko, mwanamke mwembamba mwenye kalamu ya dhahabu, alikuwa ameshaanza kuinuka kitini. Chris alimtazama mkurugenzi, akamtazama mama yake, akatazama ndege wake. Jasho lilimtoka licha ya kiyoyozi.

"Inapanda, Mama," alisema. Kwa Kiswahili, na kwenye kipaza sauti. "Inapanda kuliko pensheni. Mwaka jana pia ilipanda kuliko pensheni."

Agnès akasimama, akawatafsiria wote kwa Kizulu, neno kwa neno, bila kuulizwa. Mngurumo ulioinuka ulikuwa wa watu waliojua siku zote, ila walikuwa wakisubiri mtu wa jukwaani akiri. Mwalimu wa mkongojo alimpigia Hyasinta makofi, ya polepole, ya mtu asiyependa kukosea. Mkutano ukafungwa kabla ya wakati na wazee wakaelekezwa kwenye sambusa.

Hapo ndipo mkurugenzi alipomvuta Hyasinta pembeni, Chris akiwa nyuma yake kama mwavuli uliolowa.

"Gogo," mkurugenzi alianza kwa upole. Ndivyo Wazulu wanavyomwita bibi, na Hyasinta alikuwa ameishi hapa muda wa kutosha kulijua hilo. Lakini kila akiitwa hivyo na mtu wa ofisini, alisikia gogo la Kiswahili, lile linalokaliwa na kila anayechoka. "Gogo, tumeguswa sana. Tungependa uwe balozi wetu wa wazee. Utabaki kwenye mpango wa Tai, na mchango wako tutaubeba sisi. Utakuja tu kwenye mikutano, useme maneno machache ya kutia moyo."

Macho ni macho. Hyasinta aliwaza chupa ndogo ya dawa kando ya kitanda, na ule ukungu unaokula pembe za vitu, mwaka hadi mwaka, ambao daktari alisema unaweza kuzuiwa lakini haurudi nyuma.

"Kubali, Mama," Chris alisema, kwa Kiswahili tena. "Tafadhali. Ni macho yako."

"Na Paulina?"

Mkurugenzi akauliza Paulina ni nani. Alionyeshwa mwanamke aliyekuwa akifunga sambusa kwenye leso bila aibu yoyote. Akasema kwa masikitiko kwamba Mfuko hauwezi kumbeba kila mtu.

"Lakini bei mnaweza kumpandishia kila mtu," Hyasinta alisema. "Hapo hamchoki kubeba. Mama mkurugenzi, picha yangu mliichukua bila kuniuliza. Ulimi nao mnaulizia bei. Sina wa kuuza."

Akamwita Paulina, wakaondoka.

Usiku ule alilia kidogo, kwa hasira na kwa woga, maana kiburi ni chakula kizuri lakini hakitibu macho. Januari alishuka kutoka Tai hadi Chiriku. Bei ilipanda vilevile kama ilivyotangazwa, kwa wote. Makofi hayajawahi kuishusha. Jalada jipya likatoka na wazee wawili wasiojulikana, wenye meno ya watu wa miaka ishirini, wanaendesha baiskeli ufukweni. Chris hakufukuzwa. Walimhamishia kitengo kipya cha kuwasikiliza wanachama, ambako simu zilipigwa toka asubuhi na hakuna aliyezipokea isipokuwa yeye.

Kwa ajili ya macho Hyasinta alihamia kliniki ya hospitali ya serikali, ambako wazee hawatozwi kitu ila uvumilivu. Mara ya kwanza Chris alichukua ruhusa kazini akampeleka. Walimkuta Paulina kwenye benchi na foleni inayozunguka jengo. Chris, aliyekuwa hajawahi kukaa benchi la serikali tangu utotoni, alijikunyata na suti yake. Punde mzee wa jirani akamuuliza anafanya kazi wapi, naye, kwa mazoea, akaanza kumweleza kwamba ongezeko la mwaka huu, ukilitazama katika muktadha mpana, ni dogo kuliko mfumuko wa gharama za tiba.

"Chris," mama yake alisema.

"Naam, Mama."

"Nyamaza, mwanangu. Shika nafasi yangu. Sisi tunakwenda kunywa chai."

Akanyamaza, akasogea kidogo kwenye benchi, na kila mstari uliposonga aliinuka, akausogeza mfuko wa mama yake wenye kanga na chupa ya maji, akakaa tena.