Kochi Lenye Plastiki Yake

Kitu cha kwanza alichokiona Puseletso kilikuwa kijiko. Ndani ya kopo la sukari, kile kijiko kikubwa alichokikuta siku alipoolewa kilikuwa kimeondoka, na mahali pake kimelala kijiko kidogo cha kumpa mtoto dawa. Mama mkwe wake, Mme Disebo, alikoroga chai huku akitazama dirishani kama anayesubiri mvua. Mumewe, Motlatsi, alipiga funda moja, akakunja uso, akaendelea kunywa.

Puseletso naye akanywa. Alikuwa makoti, bibi harusi ambaye hata mwaka hajatimiza tangu aletwe Botshabelo, Afrika Kusini, na makoti haulizi habari za sukari.

Lakini macho hayafungwi kitambaa kama kichwa cha makoti. Baada ya kijiko aliona mche wa sabuni umekatwa vipande kwa uzi. Kisha nyama ya Jumapili ikageuka miguu ya kuku. Kisha asubuhi moja akakuta mifuko ya majani ya chai imeanikwa kwenye kamba juu ya jiko, imejipanga kama soksi, inasubiri kutumika tena. Nyumba ilikuwa inaisha kidogo kidogo, kama ile sabuni.

Jioni moja Mme Disebo akamwita kutoka jikoni.

"Makoti, njoo. Kuna jambo la familia. Tunafilisika."

Alilisema kwa sauti ile ile aliyotangazia harusi.

Motlatsi alikuwa amekaa kwenye kochi la kona, kichwa ameinamisha. Lile kochi ndilo lililoanza yote. Jeusi, kubwa, limekula sebule nusu, na bado lina plastiki ya dukani kwa sababu Mme Disebo alikataa ivuliwe. Lilikopwa kabla ya harusi ili shangazi zake Puseletso watakapokuja kutoka kwao Qwaqwa wasirudi na maneno. Likafuatwa na kabati la vioo, friji ya milango miwili na televisheni pana kama mlango. Halafu ukaja mkopo wa kulipa mkopo, na mwisho mkopeshaji wa mtaani, ambaye sasa ndiye anayetunza kadi ya benki ya Motlatsi mfukoni mwake. Mshahara wa kubeba magunia Bloemfontein ulikuwa unaingia na kutoka siku hiyo hiyo bila hata kuwasalimia.

"Wakili anasema njia ipo," Motlatsi alisema. "Naenda mahakamani mwenyewe, natamka kwamba nimeshindwa. Vitu vinauzwa, wanaonidai wanagawana, makato yanakoma. Naanza upya. Ila vitu lazima vifike bei. Vikiwa vya bure bure, mahakama inakataa."

"Yaani mtu akiwa maskini kabisa haruhusiwi kufilisika?" Mme Disebo akauliza.

"Haruhusiwi, Mme."

"Mungu wangu! Hata kufilisika kunataka uwezo!"

"Na wakikataa?" Puseletso akauliza, kwa sauti ndogo sana hivi kwamba ilibidi arudie.

Motlatsi hakumtazama. "Wakikataa naenda Rustenburg, machimboni, kwa mjomba. Nitakuwa nakuja Krismasi."

Puseletso akatazama sakafu. Alijua wanaume wa Krismasi. Baba yake alikuwa mmoja wao. Kila Desemba alikuwa anaingia mgeni, watoto wanajificha nyuma ya mlango mpaka waambiwe huyu ni baba.

"Na mtaa usijue," Mme Disebo akamalizia. "Mimi ni katibu wa akina mama kanisani. Kedibone wa hapo ng'ambo akisikia asubuhi, mchana maaskofu wote wanajua."

Kuanzia siku hiyo nyumba ikawa na njaa lakini inang'aa. Matumizi yalibanwa mpaka panya wakahama, na wakati huo huo Puseletso alifuta vioo, akapangusa friji, akasugua plastiki ya kochi kwa kitambaa chenye siki. Akimaliza alirudi kukaa jikoni juu ya kreti la bia lililopinduliwa. Mme Disebo alikuwa anajivunia sana kreti lile. "Makoti wangu ana heshima," aliwaambia wageni. "Tangu aje hajakaa sebuleni. Siku hizi wasichana hao hawapatikani."

Mthamini, yule wa kuja kuvipa vitu bei, aliahidi kuja Ijumaa. Alikuja Alhamisi.

Alhamisi ni siku ya akina mama wa kanisa. Mme Disebo alikuwa ameshavaa sare yake na kwenda kwenye maombi, Motlatsi yuko kazini, na Puseletso yuko nyuma ya nyumba anafua mablanketi kwa miguu ndani ya beseni. Ndiyo maana hakuona gari jeupe likisimama kwenye kioski cha kona, wala mwanamume mwenye tai na faili akiuliza nyumba ya Motlatsi ni ipi.

Kedibone aliona, akamwelekeza njia ndefu.

Sasa, mtaa ule ulikuwa na dawa yake kwa wanaume wenye tai na faili. Dalali wa mahakama akionekana kona, hakuna anayeuliza mara mbili. Vitu vinatoka kwa mlango wa nyuma, vinaruka uzio, vinalala kwa majirani mpaka hatari ipite. Walimfanyia hivyo mjane wa nyumba ya bluu, wakamfanyia fundi viatu, na wewe yakikukuta wanakufanyia. Hata uwe umenuniana nao.

Puseletso aliposikia vishindo, akakimbia ndani na miguu yenye povu. Wanawake sita walikuwa wanalitoa kochi mlangoni.

"Inua huko! Inua, wewe, si umekula leo?" Kedibone alikuwa anaamrisha, aproni yake ameifunga kichwani. "Geuza! Geuza kona!"

"Ausi Kedibone, dada," Puseletso alisema, "lakini..."

"Usilie, makoti! Mwenye tai na faili yuko kona, lakini tuko hapa! Hawachukui kitu kwa Disebo leo!"

"Ausi, huyo mtu sisi ndio..."

"Pisha mlango, mwanangu, friji inapita."

Friji ikapita. Televisheni ikapita imevikwa shuka kama maiti. Kabati la vioo likapita linalia vioo vyake. Puseletso alifungua mdomo mara nyingi, na kila mara maneno yake yalikutana na kitu kikubwa zaidi kikitoka. Halafu kukawa kimya, na mlango wa mbele ukagongwa.

Mthamini aliitwa Moiloa, Ntate Moiloa kwa heshima, mwembamba, mpole, na kalamu mbili mfukoni. Aliingia, akasimama katikati ya sebule, akazunguka polepole kama mtu aliyekosea nyumba. Ukutani ulibaki msumari na kalenda ya duka la mazishi. Sakafuni, alama nne za miguu ya kochi.

"Hivi ndivyo vyote?"

Puseletso alikaza kitambaa kichwani.

"Meza moja," Ntate Moiloa aliandika. "Jiko la mafuta ya taa. Kreti." Akainua macho. "Mama, kwa vitu hivi huyu bwana hawezi kufilisika. Huu si ufilisi, hii ni njaa. Nitaandika nilichokiona, lakini mahakama itakataa leo hii." Akafunga kalamu. "Isipokuwa kama kuna vitu vimefichwa. Na vikiwa vimefichwa, hiyo ni kesi nyingine kabisa, mbaya kuliko hii."

Akageuka kwenda mlangoni. Puseletso alimwona anatoka, na nyuma yake akamwona Motlatsi anatoka na begi, anapanda gari la Rustenburg. Akamwona anarudi Desemba na kofia mpya, na mtoto, huyu ambaye bado hata tumboni hajaingia, anajificha nyuma ya mlango.

Akampita Ntate Moiloa kwa mbio, akafika getini.

"AUSI KEDIBONE!"

Mbwa wawili walinyamaza. Ng'ambo ya barabara pazia likatikisika.

"Ausi Kedibone! Rudisheni kochi!"

Kedibone akatoka mlangoni kwake, mikono kiunoni, uso mtulivu kama wa malaika. "Kochi gani, makoti? Mimi sijui kochi."

"Hilo hapo nyuma yako. Naliona."

"Hili?" Akageuka kulitazama kama ndiyo mara ya kwanza. "Hili nimerithi kwa shangazi yangu Thaba Nchu." Kisha akamkonyeza kwa jicho zima, mpaka shavu likapanda.

"Lilikuwa limekaa na shangazi tangu zamani sana!" jirani mwingine akasaidia kutoka dirishani.

"Na plastiki?" Ntate Moiloa akauliza, amesimama nyuma ya Puseletso.

"Shangazi alikuwa msafi," Kedibone akajibu.

Puseletso alitaka ardhi immeze. Siri yote ya Mme Disebo ilikuwa kooni mwake, na mtaa mzima uko milangoni. Akaitoa.

"Tunafilisika, Ausi! Huyu si dalali! Tumemwita wenyewe aje avione! Asipoviona mahakama inakataa, na Motlatsi anaenda Rustenburg, na mimi simtaki mume wa Krismasi!"

Halafu Kedibone akashusha mikono kutoka kiunoni.

"Sasa si ungesema?"

"Nilisema!"

"Ulisema kwa sauti ya sisimizi! Nani anamsikia sisimizi wakati anabeba friji?" Akageukia mtaa, akapiga makofi. "Haya, jamani! Rudisheni! Huyu ndiye anayetakiwa kuviona! Na mkono uwe laini kwenye hivyo vioo!"

Vitu vikarudi. Vilirudi kwa mlango wa mbele, kwa fahari, kimoja baada ya kingine, na Ntate Moiloa ikabidi ajibane ukutani. Lakini mtaa ule, ukishaelewa jambo, hauelewi nusu. Kama vitu vingi ndiyo dawa, basi viwe vingi. Ikaingia friji ya pili. Ikaingia mashine ya kufulia ambayo Puseletso hajawahi kuiona. Fundi viatu akaleta baiskeli. Mjane wa nyumba ya bluu akaja na picha kubwa ya marehemu mume wake kwenye fremu ya dhahabu.

"Iandike na hii, Ntate. Fremu ni ya bei."

"Hapana, mama," Puseletso akasema. Sauti ilikuwa imeshatoka, haikutaka kurudi ndani. "Hiyo si yetu. Na mashine si yetu. Ausi Kedibone, chukua friji yako, maziwa yanamwagika. Vyetu ni hivi hapa, Ntate. Hivi tu."

Ntate Moiloa alikuwa anacheka, anajifuta macho kwa tai. Alikagua kila kitu bila haraka. Kwenye kochi akabonyeza plastiki kwa kidole, akainua kona yake, akachungulia. "Hili halijakaliwa," akasema kwa mshangao. "Ni jipya kabisa." Akaandika, akafuta, akaandika kiasi kikubwa zaidi.

Mme Disebo alirudi jua likishuka. Kutoka kona mpaka getini alipewa pole na watu kumi na mbili. Aliingia, akavua kofia ya sare, akaiweka juu ya meza. Puseletso alikuwa amepiga magoti kando ya kreti lake, anasubiri kurudishwa Qwaqwa.

"Makoti," Mme Disebo akasema mwishowe. "Sauti hiyo ulikuwa umeificha wapi?"

"Sijui, Mme."

"Tumeisikia mpaka kanisani. Tulidhani ni king'ora." Akainuka, akafungua kabati la juu, akatoa kile kijiko kikubwa, akakitumbukiza kwenye kopo la sukari.

Mahakama ikakubali. Makato yakakoma, mkopeshaji akatema kadi, na siku moja lori la mnada likaja na kuondoka na kochi, likiwa na plastiki yake bado. Mtaa ulisimama kulipungia mkono.

Jioni ile sebule ilikuwa na mwangwi. Walikaa watatu kwenye makreti, kwa sababu Puseletso alikuwa ameleta mengine mawili, wanakunywa chai yenye sukari. Motlatsi alimtazama mkewe, akamwona anatazama alama za miguu ya kochi sakafuni, akamwelewa vibaya.

"Usihuzunike," akasema. "Wakili anasema siku itafika nitaruhusiwa kukopa tena. Jingine kama lile nakununulia. Kuna duka pale mjini, hawataki hata malipo ya kwanza..."

Kijiko kikaanguka kutoka mkononi mwa Mme Disebo.

"Motlatsi," Puseletso akasema, na safari hii hakupiga kelele. "Lile kochi sikulipenda hata siku moja. Siku ya harusi lilininata mapajani, na nilipoinuka likatoa mlio mbele za watu." Akamgeukia mama mkwe, uso unawaka. "Mme, nisamehe. Kule jikoni sikuwa nakaa kwa heshima."