Macho ya Mkuu wa Sengu

Jumapili ile iliharibika kanisani. Wakati wa kutakiana amani, Pankras alimpa kaka yake Xaveri ncha za vidole tu, akamkazia macho, kisha akajifuta mkono kwenye suruali. Watu wa benchi la nyuma waliona, na ndicho alichotaka.

Macho ya Xaveri yalikuwa mekundu mwaka wa pili sasa. Asubuhi yaliwaka kama yametiwa pilipili, na upepo ukipanda kutoka ziwani yalichuruzika machozi hadi kidevuni. Kila alfajiri mke wake Hildegardi alimpashia maji na kumchovyea kitambaa, naye akakaa kizingitini amejifunika uso. Hapo ndipo Pankras alipopata la kusema. Alizunguka kijiji akitangaza kwamba kaka yake anajikanda kuondoa dalili za pombe ya gongo usoni kabla watu hawajaamka. Lisemwalo lipo, aliongeza, ingawa msemaji alikuwa yeye mwenyewe.

Fitina ile ilikuwa na shabaha. Wanunuzi binafsi wa kahawa walikuwa wameingia Mbinga na mizani zao, na Pankras alitaka ntambo wa ukoo, yaani mgongo mzima wa mlima pamoja na mibuni na mashimo ya kulimia yaitwayo ngoro, ugawanywe ili kila mtu auze kivyake. Xaveri alikataa, na neno lake ndilo lililokuwa la mwisho, kwa sababu yeye ndiye aliyeongoza sengu, mlo ambao wanaume wa ukoo hula pamoja na kumaliza mashauri yao. Mlevi haongozi sengu. Pankras alilijua hilo vizuri.

Ukweli waliujua watu wawili tu nje ya hospitali ya misheni. Miaka miwili nyuma Xaveri alikutwa na saratani ya tezi dume, na madaktari wakamtoa korodani zote mbili ili saratani ikose chakula. Nyumbani alisema amepasuliwa ngiri. Hildegardi aliapa kwa rozari kwamba hatatoboa siri. Wa pili alikuwa Sekela, muuguzi wa macho mjini, binti wa Kinyakyusa, ambaye alimbonyeza kope, akaona hakitoki kitu, akamuuliza kwa sauti ya chini kama amewahi kupasuliwa sehemu za siri. Xaveri nusura ainuke aondoke.

"Mzee wangu, kope zako zimeishiwa mafuta," Sekela alimwambia. "Kwenye kingo zake kuna vitezi vinavyotoa mafuta ya kufunika machozi, kama yanavyoelea juu ya mchuzi. Vitezi hivyo vinategemea homoni ya kiume. Ilipokatwa kule chini, huku juu navyo vikanyauka."

Alimweleza kwamba chozi lisilo na mafuta hukaushwa na upepo, jicho likaungua, nalo likamwaga maji ovyo kujitetea. Dawa ilikuwa kitambaa cha moto na kuzikanda kope. Akaongeza, kwa nia njema kabisa, kwamba hata kina mama waliokoma hedhi hupatwa nayo sana. Xaveri alirudi kijijini kwake Ukata amekasirika njia nzima. Amewekwa fungu moja na mabibi.

Basi mchana wa Jumapili ile, baada ya misa, wanaume wakakaa kwenye sengu, ugali na maharage katikati, pamoja na dagaa wa Mbamba Bay. Pankras alitoka nje kidogo, akarudi, akatoka tena. Aliporudi hakukaa. Alisema kaka aueleze ukoo anakunywa nini, la sivyo aachie nafasi kwa mtu mwenye macho safi.

Baba mdogo Kilian, mkubwa kuliko wote pale, alimgeukia Xaveri na kumtaka ajibu.

Xaveri alimchukia mdogo wake wakati ule kuliko alivyowahi kumchukia mtu yeyote. Akinyamaza, yeye ni mlevi na ntambo umekwisha. Akisema, atachekwa mpaka kaburini. Pankras alikuwa ametoka tena, akarudi akifunga zipu, na uso wake ulikwisha kushinda. Xaveri alimtazama, na jambo ambalo halikuwahi kumpitia akilini likamjia.

"Sinywi," alisema. "Nilikuwa na saratani ya tezi dume. Nimetolewa korodani zote mbili, na macho yamekauka kwa sababu hiyo."

Kisha Pankras akacheka peke yake.

"Kumbe tulikuwa tunaongozwa na mwanamke," alisema.

"Baba yetu alikufa ameshindwa kukojoa," Xaveri akamjibu. "Mimi ilianza kwa kutoka nje kila mara, nikirudi sijamaliza. Wewe tangu tukae hapa umetoka mara tatu."

Kicheko kilikatika. Wanaume wote walimgeukia Pankras, wakamtazama mkanda. Yeye akakaa polepole, akabana mapaja. Xaveri alinawa mikono, akamega ugali, na wengine wakamfuata kama ilivyokuwa desturi. Hakuna aliyekwenda kukaa upande wa Pankras. Mlo ulikuwa mrefu. Jasho lilimtoka mdogo mtu, lakini hakuthubutu kuinuka, na vyombo vilipoondolewa ndipo walipoona suruali yake ya misa imelowa.

Xaveri alipenda kuona vile, hata akajionea haya. Alimwambia kesho alfajiri wakutane stendi, yeye anaujua mlango wa kubisha kule hospitalini. Hakusema kwa upendo. Mkuu wa sengu hupeleka watu wake hospitali, hata wale asiowataka.

Pankras aliuliza bila kuinua kichwa. "Kaka, watanikata?"

"Sijui," alisema Xaveri, akifuta macho yake. "Ila ukirudi utakaa hapo hapo ulipo, na kila Jumapili nitakutazama machoni."